Ahadi ya Duka

Ahadi ni deni, wasema wazee wetu. Akopaye shilingi 10 na akopaye shilingi 10,000 wamefunga fundo la namna moja, na fundo hilo halifunguki ila kwa kulipa. Mtu akimwahidi mwenziwe jambo, twajua namna ya kumpima: twangoja siku ifike, kisha twatazama kama ametimiza. Lakini katika zama zetu ahadi nyingi hutolewa na mabango. Mtu aingiaye katika duka kubwa lenye bidhaa za kila namna hukutana nazo mlangoni: nunua kwetu upate pointi za zawadi, ukiona mahali pengine bei iliyo chini ya yetu, tutakurudishia tofauti. Je, ahadi hizi hutimizwa? Swali hili nimekaa nalo kwa zaidi ya miaka kumi. Nitalijibu kwa yale niliyoyaona, kwa yale niliyoyasoma, na kwa jambo moja nililolitenda mwenyewe ambalo sijivunii.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Likizo zangu nilizipitisha Kisauni, Mombasa, kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi alfajiri kwa watu waendao kazini. Kazi yake ilianza saa tisa za usiku na kwisha saa tatu za asubuhi. Unga, sukari na mafuta alivinunua katika duka moja kubwa la mjini, ambalo jina lake sitalitaja, kwa kuwa haja yangu si kushitaki. Alikuwa na kadi ya duka hilo. Aliifunga katika kitambaa kimoja pamoja na kitambulisho chake, na kila alipofika kwa keshia aliifungua taratibu, kama mtu afunguaye hirizi.

Kila shilingi 100 alizozitumia zilimpa pointi 1, na kila pointi 1 ilikuwa na thamani ya shilingi 1 katika duka lile lile. Kwa mwezi alitumia kiasi cha shilingi 5,000. Zidisha, msomaji: pointi 50 kwa mwezi, pointi 600 kwa mwaka, pointi 2,400 kwa miaka minne. "Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akiniambia, na kibaba chake alikwisha kukipa kazi. Mwanawe wa mwisho, binti, alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa darasa la nane. Shangazi aliazimia kwamba siku binti huyo atakapokwenda shule ya bweni, sanduku la bati, blanketi na shuka zake zitatoka katika kadi.

Binti alifaulu. Mapema mwaka 2015 tulikwenda dukani sote watatu. Shangazi alivaa buibui lake jipya. Tulichagua sanduku lenye kufuli madhubuti, tukachagua blanketi na shuka mbili, tukasimama katika foleni mpaka zamu yetu ikafika. Kijana keshia aliipitisha kadi katika mashine, akatazama, akasema kwa adabu, "Mama, hapa una pointi 600."

"Tazama tena, mwanangu," alisema shangazi. "Ni 2,400. Nimezihesabu."

Kijana alitazama tena, kisha akamwita mkubwa wake. Mkubwa huyo naye alikuwa mpole. Alitueleza kwamba pointi za duka lile zilikuwa na umri wa miezi 12. Pointi isiyotumiwa katika muda huo ilikufa. Alituletea karatasi ya namna ile ambayo shangazi aliitia sahihi siku aliyopewa kadi, akatuonyesha mstari wenyewe kwa kidole. Ulikuwapo. Uliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi zilizonifanya mimi, kijana wa miaka 23, nikunje macho.

Shangazi hakugomba. Mimi ningependa angaligomba. Alilitazama sanduku, akawatazama watu waliokuwa nyuma yetu katika foleni, akasema, "Basi, blanketi na shuka zirudishwe." Tulilichukua sanduku kwa pointi 600 na fedha taslimu juu yake. Katika matatu ya kurudi nyumbani alikaa kimya mpaka tulipovuka daraja la Nyali, ndipo aliponiambia, "Kosa ni langu, mwanangu. Mimi sikusoma." Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma. Mwenye kupata hasara alitoka dukani na aibu, na duka lilibaki bila doa, kwa maana kila lililoandikwa lilikuwa limetimizwa. Binti alikwenda shuleni na blanketi langu la chuoni.

Siku ile nilitambua kwamba duka hutoa ahadi mbili kwa wakati mmoja. Iko ahadi iliyosikika na iko ahadi iliyoandikwa. Ya kwanza huja kwa herufi kubwa, kwa rangi na picha ya jamaa wanaocheka. Ya pili huja kwa herufi ndogo, nyuma ya karatasi, kwa lugha ya mawakili. Mnunuzi huvutwa na ile ya kwanza. Duka likiulizwa hujibu kwa ile ya pili. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama maduka makubwa hutimiza ahadi zao, jibu langu ni kwamba aghalabu hutimiza yaliyoandikwa. Yanayovunjika ni yale yaliyosikika, nayo ndiyo yaliyomleta mtu dukani.

Desturi ya kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha zake haikuanza kwa hila. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, wafanyakazi maskini, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga akiba zao wakafungua duka dogo la ushirika. Waliuza vitu vichache vya jikoni kama unga, siagi na sukari, kwa vipimo vya haki. Faida iliyopatikana waliigawanya miongoni mwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja: aliyenunua zaidi alipata zaidi. Kanuni hiyo ilienea katika nchi nyingi, na vyama vya ushirika vya leo vingali vinalitaja jina la Rochdale kwa heshima. Lakini angalia tofauti. Mnunuzi wa Rochdale alikuwa mwenye duka. Aliweza kwenda mkutanoni, akaomba daftari lifunguliwe, akauliza. Mwenye kadi ya leo si mwenye duka. Pointi yake ni deni ambalo mdaiwa mwenyewe ndiye aliandikaye, ndiye alitiaye thamani, na ndiye aamuaye siku ya kufa kwake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaweza kuongeza kwamba hata mali yenye daftari huisha, ikiwa daftari lakaa kwa mdaiwa peke yake.

Tena pointi hutufanya tusahau hesabu ndogo. Shangazi alinunua sukari katika duka lile kwa shilingi 120 kilo moja. Duka dogo la jirani yake, hatua chache kutoka mlangoni pake, liliuza kilo hiyo hiyo kwa shilingi 117. Kadi ilimpa pointi 1 kwa kila kilo, yaani shilingi 1 ya baadaye. Jirani angempa shilingi 3 papo hapo, bila nauli ya matatu. Niliifanya hesabu hiyo katika daftari langu la chuo, nikaona haya. Nilikuwa nikisomea ualimu wa hesabu, nami kwa miaka minne nilikuwa nimeitazama kadi ile ikifunguliwa katika kitambaa, nisifikiri hata mara moja kutoa na kulinganisha.

Liko na jambo jingine. Kila kadi ipitapo katika mashine, duka huandika nini kilichonunuliwa, siku gani, na kwa kiasi gani. Habari hizo zina thamani kwa mfanya biashara, kwa kuwa humjulisha aagize nini na amshawishi nani. Basi hata ile pointi moja si zawadi tupu. Ni malipo ya kitu tulichokitoa bila kujua. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na sheria hiyo humpa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani. Haki hiyo humfaa mtu aulizaye.

Duka la shangazi halikuanguka. Lakini maduka huanguka pia, na hapo ahadi hupimwa kwa mizani nyingine. Nakumatt, lililoanzia Nakuru na kuenea hata Uganda, Tanzania na Rwanda, lilikuwa na kadi yake ya pointi, nayo ilikaa katika pochi nyingi za Kenya. Mnamo Januari 2018 mahakama ililiweka chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, na mnamo Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ifungwe. Kampuni ikifa hivyo, wadai wenye dhamana hutangulia katika kulipwa, na wasio na dhamana hungoja mabaki. Mwenye pointi, ikiwa atahesabiwa hata kidogo, husimama mkiani. Mtu awekaye akiba katika kadi ya duka amelikopesha duka bila riba na bila rehani, naye adhani amepewa zawadi.

Sasa niiseme ile ahadi ya pili, ya kulinganisha bei. Mwaka 2019 nilinunua feni kwa shilingi 3,500 katika duka lililotangaza kwamba mnunuzi akiona bei ya chini mjini katika muda wa siku 7, atarudishiwa tofauti. Siku ya tatu niliiona feni hiyo katika barabara ya pili kwa shilingi 3,150. Niliipiga picha pamoja na kibandiko cha bei, nikachukua risiti yangu, nikarudi. Mhudumu aliipokea picha, akaikuza, akasoma namba iliyopigwa chini ya feni. Namba zote zilifanana ila herufi ya mwisho. "Mwalimu," akasema, "hii si bidhaa ile ile." Mabawa yalikuwa yale yale, rangi ile ile, na upepo, naamini, ule ule. Baadaye nilijifunza kwamba watengenezaji wengine huvipa vitu vinavyokaribia kufanana namba mbalimbali kwa wauzaji mbalimbali, na ahadi ya kulinganisha bei hukwama hapo. Shilingi zangu 350 zilipotelea katika herufi moja.

Nikisema hayo tu nitakuwa nimepotoa. Miaka miwili baadaye, katika duka jingine, nilipeleka risiti ya pasi kwa ahadi kama hiyo. Binti aliyekuwa kwenye kaunta alinisomea masharti sauti ikisikika, akapiga simu kwenye duka la pili kuhakikisha bei, akanihesabia shilingi 140 mkononi. Ilichukua dakika zisizozidi kumi. Nilitoka nikilisifu duka lile kwa kila mtu, na ningali nalisifu. Ahadi hutimizwa, basi, pale ambapo mwenye duka amekusudia itimizwe na amempa mhudumu wake ruhusa ya kuitimiza.

Hata hivyo kazi nzima ni ya mnunuzi. Yeye ndiye atakayezunguka mji, atunze risiti, apige picha, arudi, asimame mbele ya kaunta. Wengi hawafanyi hivyo, na bango limekwisha kuwatuliza kwamba hakuna haja ya kutafuta kwingine. Wanauchumi nao wamejadili tangu miaka ya 1980 kwamba ahadi ya namna hii yaweza kuwa onyo kwa washindani: ukipunguza bei, nami nitapunguza; basi wewe hutapata faida yoyote kwa kupunguza. Jambo linaloonekana kuwa vita vya bei laweza kuwa mapatano ya kimya.

Mfano mashuhuri ni duka la John Lewis la Uingereza. Mwaka 1925 lilianza kutangaza kwamba halitakubali, kwa kujua, kuuza kwa bei iliyozidi ya wenzake. Maneno hayo yalidumu karibu miaka mia. Lakini biashara ya intaneti ilipokua, ahadi hiyo haikuwahusu wauzaji wasio na maduka ya kuingia kwa miguu, na sehemu kubwa ya bei za chini ilikuwa huko. Mwaka 2022 duka liliiondoa ahadi. Mwaka 2024 liliirudisha kwa sura mpya, likasema wazi kwamba litalinganisha bei zake na za wauzaji wakubwa 25, wa intaneti wakiwamo. Mimi naona somo katika kuiondoa na katika kuirudisha. Ahadi ambayo dunia imeipita yafaa kuvuliwa, na anayeirudisha ataje mipaka yake kwa herufi kubwa.

Sheria za Kenya hazikunyamaza. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mtumiaji ana haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kikamilifu anachonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 yakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ilifuata mwaka 2012. Haki hizo hazitupiganii sisi tukiwa tumelala. Shangazi yangu hakuzijua, na mimi niliyekuwa pale naye sikuzijua.

Ningekoma hapa ningekuwa mnafiki. Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Nilitaka wanafunzi wangu wapende kuandika, nikawaahidi kwamba kila insha nzuri itapata nyota moja, na atakayefikisha nyota 20 atapewa kamusi. Darasa lilishika moto. Mwisho wa muhula wa pili hapana aliyefikisha 20, nami muhula wa tatu ulipoanza nilifungua ukurasa mpya katika daftari langu, nikaanza hesabu upya. Mvulana mmoja mkimya alikuja mezani pangu. "Mwalimu," akauliza, "nyota zangu 14 zimekwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba kila muhula una hesabu yake.

"Hukutuambia hivyo, mwalimu."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilimtazama mtoto yule, nikamwona shangazi akiwa mbele ya keshia. Nilikuwa nimefanya jambo lile lile, tena mimi sikuwa hata na herufi ndogo za kujitetea. Nilizirudisha nyota zote mbele ya darasa, nikaomba radhi. Kufikia Oktoba wanafunzi watano walikuwa wametimiza 20, na kamusi tano zilinigharimu zaidi ya shilingi 4,000 katika mshahara ambao haukuwa mkubwa. Nilipokuwa nikizilipia nilielewa kwa nini wenye maduka hupenda pointi zife. Ahadi ni rahisi siku ya kutolewa. Siku ya kutimizwa ina bei, na bei hiyo mtu huwa hakuitia katika hesabu zake.

Kwa hiyo, kijana usomaye, usiichukie kadi wala usiiabudu. Ukipewa, uliza maneno matatu kabla ya kutia sahihi: pointi hizi hufa lini, zanunua nini, na nani aweza kuyageuza masharti haya bila kuniuliza. Ukiona bango la bei, soma yaliyo chini yake, utunze risiti yako, kisha upite pia kwa jirani. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye duka, au mwalimu, au mzazi, ukatoa ahadi, iandike kwa herufi za ukubwa mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Shangazi angali anauza mahamri. Kadi anayo, imo katika kitambaa kile kile, lakini haweki tena kibaba ndani yake. Kila mwisho wa mwezi humwuliza keshia zimefika ngapi, naye huzimaliza zote siku hiyo hiyo, kwa pakiti ya chumvi na kiberiti.